Pasaka Mbili na Daraja Moja

Wahenga walinena kuwa damu ni nzito kuliko maji. Hawakutuambia, hata hivyo, waliyapima maji ya mto upi. Sisi wa ukoo wetu tuliyapima maji ya Mto Chania kwa Pasaka mbili mfululizo, na ninayoyasimulia hapa ndiyo tuliyoyaona kwenye mizani.

Kwetu ni Ruiru. Ami yangu, nduguye Baba wa kumfuata, anaishi Thika katika mtaa wa Makongeni. Nyanya yuko Kaunti ya Murang'a, upande wa Kandara, kwenye shamba aliloachiwa na marehemu Babu. Ukitoka Ruiru unaifuata barabara kuu, unaipita Juja, unafika Thika, kisha unalivuka daraja la Chania karibu na maporomoko ya maji. Hapo umeiaga Kaunti ya Kiambu. Tangu nipate fahamu, kila Jumapili ya Pasaka tulilivuka daraja hilo. Mbuzi alichinjwa, mukimo ukapondwa, chapati zikapangwa hadi zikawa mnara, nasi wajukuu tukagombania kuketi karibu na Nyanya.

Sina budi kukiri kwamba katika miaka ya mwisho kabla ya janga, karamu hiyo iliwakutanisha ndugu wawili wasiojuliana hali ila mbele ya mama yao. Chanzo kilikuwa mibuni. Babu alikuwa amepanda kahawa ya aina ya Ruiru 11, mbegu iliyotolewa kwa wakulima mwaka 1985 kutoka kituo cha utafiti kilichoko mjini kwetu Ruiru. Mwaka 2018 Ami aling'oa safu nne za mibuni hiyo akapanda miparachichi, akidai kwamba kahawa haimlishi mtu tena. Machoni pa Baba, kilichong'olewa hakikuwa mibuni bali kazi ya mikono ya baba yake. Neno likazaa neno. Ruiru na Thika, miji isiyotenganishwa hata na kilomita 30, ikawa kama ncha mbili za dunia. Zilizosalia kuwaunganisha ni Pasaka na Krismasi, kwa kuwa hakuna aliyethubutu kukosa kwa Nyanya.

Kisha korona ikabisha hodi. Mgonjwa wa kwanza nchini alitangazwa tarehe 13 Machi 2020. Vyuo vikafungwa, nami nikarejea nyumbani na vitabu vichache, nikidhani ni mambo ya majuma mawili matatu. Tarehe 27 mwezi huohuo kafyu ikaanza, kuanzia saa moja jioni hadi saa kumi na moja alfajiri. Tarehe 6 Aprili, Jumatatu ya Juma Takatifu, Rais wa wakati huo, Uhuru Kenyatta, akapiga marufuku safari za kuingia na kutoka Nairobi na viunga vyake. Mipaka iliposomwa tulisikia jina tulilolijua mno: kwa upande wetu, eneo lililofungwa liliishia kwenye daraja la Mto Chania.

Sisi wanafunzi wa Kiswahili tulikuwa na shughuli ya kuyakaribisha maneno: barakoa, karantini, kitakasa mikono. Nyumbani kwetu, lakini, neno lililotutatiza lilikuwa la zamani: sikukuu. Siku huwa kuu kwa lipi? Pasaka hiyo makanisa yalikuwa yamefungwa, tukafuatilia ibada redioni. Mama, kwa mazoea, alipika chapati za kuutosha ukoo mzima. Tulizila kwa siku tatu. Baba alimtumia Nyanya shilingi 1,000, maana wakati huo kutuma kiasi kisichozidi hicho kwa M-Pesa hakukutozwa ada. Kijana mmoja wa bodaboda alimnong'onezea kwamba zipo njia za panya za kuvukia mto. Baba alimkatalia kwa ukali.

"Sitampelekea mama yangu maradhi ndani ya kikapu cha mkate," alisema.

Nilimwonea fahari. Hata hivyo, nilimwona vilevile alivyoketi baada ya maneno hayo, akashusha pumzi kama mtu aliyetuliwa mzigo. Hakuwa na haja ya kumtazama nduguye usoni mwaka huo.

Mnamo tarehe 7 Julai 2020 njia zilifunguliwa. Makanisa nayo yaliruhusiwa kupokea waumini wasiozidi 100 kwa muda wa saa moja, ila wenye umri chini ya miaka 13 na zaidi ya miaka 58 walitakiwa kubaki nyumbani. Nyanya aliposikia hayo alicheka simuni. "Kumbe siku hizi hata Mungu anataka kitambulisho!" Baba alikwenda kumwona katikati ya juma, akamwachia unga na sukari langoni, akarudi. Ami alikwenda siku yake, akafanya vivyo hivyo. Krismasi ilipofika daraja lilikuwa wazi na kafyu ilikuwa imesogezwa hadi saa nne usiku. Baba akasema, "Mama ni mzee, tusimhatarishe. Tutakwenda Pasaka." Tukapata habari kwamba Ami naye alikuwa amesema hayohayo. Ndugu ambao hawakuwa wamekubaliana juu ya lolote tangu mwaka 2018 walikubaliana juu ya hili, tena bila kusemezana. Tahadhari yao ilikuwa ya haki; lakini kisingizio kilikuwemo ndani yake, kama funza ndani ya pera lililoiva.

Pasaka waliyoingojea ikafungwa tena. Tarehe 26 Machi 2021, kaunti za Nairobi, Kiambu, Machakos, Kajiado na Nakuru zilitengwa na nchi nzima, ibada za ana kwa ana zikasitishwa, kafyu ikarudishwa nyuma hadi saa mbili usiku. Chania ikawa mpaka kwa mara ya pili.

Nyanya alinipigia simu juma hilo. Kwa desturi yetu Wakikuyu, mwana wa kwanza wa kiume hupewa jina la babu mzaa baba. Mimi ndimi niliyepewa jina la Babu, kwa hiyo Nyanya ameniita "mume wangu" tangu nikiwa mchanga. Kwa kawaida hulitamka huku akicheka. Siku hiyo hakucheka.

"Mume wangu, daraja la Chania lina askari. Kati ya Ruiru na Thika kuna askari gani?"

"Hakuna, Nyanya."

"Basi hao wanao wawili wamezuiwa na nani? Nimekaa hapa mwaka mzima nikidhani ni serikali. Waite waketi pamoja. Wewe ndiye baba yao."

Nilimfikishia Baba maneno hayo bila kuongeza wala kupunguza. Alinyamaza kitambo. Akauliza, "Amesema hivyo yeye mwenyewe?" Nikaitikia. "Basi," akasema bila kutabasamu, "ikiwa mzee ameniita, nitakataaje?"

Jumapili ya tarehe 4 Aprili tulikwenda Makongeni: Baba, Mama na mimi. Tuliketi barazani, barakoa usoni, viti vikiachana. Saa nzima ya kwanza iliishia kwenye nauli za matatu na bei ya mafuta ya kupikia. Kisha Nyanya akapiga simu, nayo ikawekwa juu ya kigoda katikati ya ndugu wawili. Nilitarajia nasaha. Hakutoa hata moja. Alimwuliza kila mmoja amekula nini, kisha akasema, "Ile miparachichi imezaa. Mibuni iliyobaki nayo haijafa. Sina mchumaji wa hiki wala wa kile." Akakata simu.

Hapo ndipo walipoanza, tena kwa sauti za juu. Yaliyolimbikizwa miaka mitatu yalimwagwa yote barazani: safu nne, hati ya shamba, nani alimuuguza Babu na nani alituma pesa tu. Mama na shangazi, mkewe Ami, walijitia kuosha vyombo vilivyokwisha kuoshwa. Tulipokumbuka saa, jua lilikuwa limezama na matatu za Ruiru zilikuwa zimekwisha kwa kuihofia kafyu. Ikatubidi tulale hukohuko.

Ndugu wawili walipewa sebule. Mimi nililala chumba cha pili, ukuta ukitutenganisha. Usiku wa manane niliwasikia wakizungumza, wala si juu ya ardhi. Walikuwa wakikumbushana siku Babu alipowafuma wakiogelea mtoni badala ya kuchuma kahawa, na fimbo aliyowakatia. Mmoja wao alicheka, na kwa mara ya kwanza nikashindwa kutambua ni yupi, kwa jinsi vicheko vyao vilivyofanana.

Sitadai kwamba waliamka wakiwa wamepatana. Miparachichi ingali pale, na hadi leo Baba huiita miti ya wageni. Lakini marufuku ilipoondolewa tarehe 1 Mei, hakuna aliyetafuta kisingizio. Jumapili moja ya mwezi huo tulilivuka daraja la Chania, sisi na aila ya Ami, ndani ya gari moja. Haikuwa Pasaka wala Krismasi. Kalenda haikuipa siku hiyo jina lolote, ila kwetu hakujawa na sikukuu iliyoishinda. Nilifahamu siku hiyo kwamba ukuu wa siku hauletwi na mbuzi wala chapati; unaletwa na watu ambao wangeweza kukosa, nao wakaja.

Nyanya hakuuliza yaliyosemwa Makongeni. Alisimama langoni akatuhesabu mmoja mmoja, kama ahesabuvyo kuku wake jioni, kisha akawapa Baba na Ami kikapu kimoja, akawaonyesha shamba.