Kukumbuka cha Zamani Si Kukosa Shukrani

Tangu niweke ile picha ya gari jipya, watu wananiuliza: "Mchungaji, mbona uso wako ni kama wa mtu aliye matangani?" Leo nitajibu, kwa sababu naona jambo hili si langu peke yangu. Kama umestaafu, au umehama nyumba uliyolelea watoto, au umeachana na kitu ulichokaa nacho miaka mingi, kaa nami kidogo.

Mnajua nilistaafu ualimu nikiwa na miaka 60, kama sheria inavyotaka. Uchungaji unaendelea, lakini mshahara wa kila mwezi ulikwisha, na ile Peugeot 504 yangu, ile ndefu ya viti safu tatu, haikujua kwamba mwenyewe sasa anaishi kwa pensheni. Ilikunywa petroli kama ng'ombe aliyetoka malishoni jua kali. Vipuri navyo, fundi wangu wa hapa Keumbu alikuwa ananiandikia karatasi, naituma Nairobi, Kirinyaga Road, na jibu ni lile lile: tafuta gari lililokufa ung'oe. Watoto wangu wakaketi, wakachanga, wakaninunulia Toyota Vitz. (Mimi nilipendekeza Probox. Walikataa, na walikuwa na haki. Hapa kwetu ukiendesha Probox, kila kituo watu wanakusimamisha wakiuliza nauli ni ngapi.)

Vijana, huenda hamjui Peugeot ilikuwa nini katika nchi hii. Mbio za Safari zilipokuwa zinafanyika Pasaka, wakati wa matope, Peugeot 404 ilishinda mwaka 1963, kisha 1966, 1967 na 1968. Ikaja 504: Ove Andersson akashinda nayo 1975, na Jean-Pierre Nicolas akashinda 1978. Kule Ufaransa walianza kuitengeneza 1968, wakaacha ile saluni 1983, lakini sisi huku Kenya tuliendelea kuziunganisha wenyewe miaka mingi baadaye. Kabla ya Nissan za abiria, mtu wa Kisii akienda Nairobi alibanwa ndani ya Peugeot na kuku wake miguuni. Kwa hiyo usiniambie ni chuma tu. Nimeambiwa hivyo mara nyingi mwezi huu na sijaona inamsaidia nani.

Yangu niliinunua kwa mtu, tayari imetumika. Kijiji kizima kikaijua sauti yake. Mlango wangu ukigongwa usiku wa manane sikuuliza ni nani, nilitafuta funguo kwanza. "Mwalimu, amka, kuna mgonjwa." Nakumbuka mvua za El Niño, mwishoni mwa 1997, barabara ya kutoka kwetu hadi lami imekuwa uji. Jirani yangu akaja, mke wa mwanawe ameshikwa na uchungu. Tulitoka mimi, mama mkwe na binti yule, vijana wanne wakisukuma mpaka tukagusa lami. Kabla hatujaona taa za mji wa Kisii, mtoto akalia. Alizaliwa kiti cha katikati, mikononi mwa bibi yake, na mimi macho mbele barabarani, maana nyinyi mnajua heshima ya Abagusii ilivyo. Nilichoweza ni kuomba kwa sauti na kukwepa mashimo.

Mtoto huyo leo ni mtu mzima, ana bodaboda hapa sokoni. Siku mnunuzi alipokuja kuchukua ile gari, sijui nani alimwambia, akafika. Aliomba afunguliwe mlango wa nyuma. Akaketi kile kiti cha katikati, kimya, dakika chache. Akashuka, akanishika mkono, akawasha pikipiki yake akaenda. Mimi nikaingia nyumbani, na mama watoto hakuniuliza kitu. Aliniletea chai.

Sasa, Jumapili nilipofika kanisani na gari jipya, vijana walilipuka. Haleluya, vigelegele, ngoma, kila mtu anataka tuliweke wakfu saa hiyo hiyo. Nilifurahi, sidanganyi. Watoto wangu wamejinyima kwa ajili yangu, hiyo ni baraka ya wazi. Lakini niliona wale akina mama watano wa kule juu, ambao nilikuwa nawabeba kila Jumapili, hawapigi vigelegele. Mmoja alikuja karibu, akachungulia ndani, akahesabu viti kwa macho. Akasema, "Mchungaji, ni gari zuri. Sasa sisi tutakaa wapi?"

Wapendwa, usiku ule nilifungua Ezra sura ya tatu. Watu wametoka uhamishoni, wanaweka msingi wa hekalu jipya. Vijana wanapiga kelele za shangwe. Lakini wazee, makuhani na Walawi waliolijua hekalu la kwanza, wanalia kwa sauti kubwa. Na mwandishi anasema kelele zilichanganyika hata watu hawakuweza kutofautisha shangwe na kilio. Nimetafuta mahali Mungu aliwakemea wale wazee katika sura ile, sijapaona. Baadaye katika Hagai anawauliza waziwazi ni nani aliyeiona nyumba ya kwanza katika utukufu wake, halafu anawaambia wawe hodari, wafanye kazi.

Wapo wengine waliolilia vya zamani, wale wa jangwani waliokumbuka matango na vitunguu vya Misri. Hao walikemewa, na sababu iko wazi: walitaka kurudi. Wazee wa Ezra walilia wakiwa wamesimama kwenye msingi mpya. Kwa hiyo ndugu uliyestaafu, ambaye simu yako imenyamaza, ambaye asubuhi bado unaamka saa kumi na moja na huna pa kwenda, usikubali mtu akuambie machozi yako ni kukosa imani. Swali la kujiuliza ni miguu yako imesimama wapi unapolia. Na nyinyi vijana, mkipiga vigelegele, tazameni pia ni nani ambaye hapigi.

Mimi kilichoniuma hasa, nimekitambua polepole. Niliizoea ile gonga ya usiku. Siku hizi hawagongi. Wanaiona Vitz wanasema tusimsumbue mzee, gari lenyewe dogo.

Gongeni.

Na akina mama wa kule juu, nimeshapiga hesabu na petroli inatosha. Jumapili nitakuja mara mbili. Safari ya kwanza saa moja na nusu asubuhi, watatu. Ya pili saa mbili na robo, wawili, na nafasi mbili zinabaki. Anayetoka upande wa Keroka na hana usafiri aniambie mapema nimsubiri stendi ya Keumbu.