Dada kafuta kazi ya watu!

Wadau, nimewapotea kidogo. Wiki hii nimesoma Huria bila kujiandikisha, hehee.

Dada yangu ni mwalimu wa msingi kule Kondoa, anachukua digrii Chuo Kikuu Huria. Chuo chenyewe kilianzishwa kwa sheria ya mwaka 1992, kikaanza kufundisha 1994, mimi sijazaliwa, kwa ajili ya watu kama yeye: kazi huku, watoto huku. Kundi lao wako watano, wametawanyika. Kila mtu alikuwa anatuma aya zake WhatsApp, mwishowe hawajui ipi ndo ya mwisho. Nikawafungulia faili moja Google Docs, waandike wote humo humo.

Siku mbili mambo mswano. Jumatano saa nne usiku simu inalia.

“Mdogo wangu, nimefuta kazi ya watu!”

Sauti inatetemeka jamani. Alitaka kufuta aya yake moja, kachagua faili zima, kabonyeza, katoka kwa woga. Na kukusanya ni kesho yake.

Kumbe faili lile linatunza matoleo ya nyuma. Nikarudisha la saa tatu na nusu, kila neno likarudi. Akauliza, “Wenzangu hawatajua?” Nikamwambia jina lako limeandikwa pale pale dada, watajua.

Kosa ni langu lakini. Niliwaonyesha kuandika, sikuwaonyesha kurudisha. Na najiita mwalimu mtarajiwa!

Akaomba radhi mwenyewe kwenye kundi. Mmoja akajibu: “Mimi nilifuta juzi, nikaandika upya kimya kimya.”

Haya, nawahi kipindi.