Barua Pepe Mahali Mtandao Unapokatika: Tathmini ya Programu ya Thunderbird

Kila msimu wa mazoezi ya kufundisha, wakufunzi hutawanyika katika shule za Karatu na Ngorongoro kuwakagua wanachuo. Kutoka Karatu mjini hadi Mang'ola, karibu na Ziwa Eyasi, au kupita lango la Lodoare hadi Endulen, safari ni ndefu, na mkufunzi hawezi kumfikia kila mwanachuo kila juma. Kwa sababu hiyo maandalio ya masomo, pamoja na maoni yetu juu yake, husafiri kwa barua pepe. Mwanachuo anayepata maoni baada ya somo kwisha kufundishwa hajasaidiwa kitu. Basi uchaguzi wa programu ya barua pepe si jambo la mafundi peke yao. Unahusu ufundishaji wenyewe.

Twakusudia hapa kuipima Thunderbird, programu ya bure inayowekwa ndani ya kompyuta. Toleo lake la 1.0 lilitolewa na Mozilla Foundation mwezi wa Desemba, 2004. Tangu mwaka 2020 inaendelezwa na MZLA Technologies, kampuni iliyo chini ya taasisi hiyo, na hutegemea zaidi michango ya watumiaji. Wahenga walisema rahisi ni ghali. Hivyo yafaa tuutafute ughali wake.

Kipimo cha kwanza ni mtandao unapokatika. Anayesoma barua zake katika kivinjari huachwa mikono mitupu mara mtandao unapopotea. Thunderbird huzileta barua zikakaa katika diski ya kompyuta. Mkufunzi aweza kuzipokea asubuhi akiwa Karatu mjini, akazisoma na kuzijibu shuleni nyanda za juu pasipo mtandao, na majibu yake yakangoja kutumwa atakaporudi. Mwanachuo naye hana haja ya kubadili chochote. Huendelea kutumia simu yake.

Kipimo cha pili ni gharama. Programu yenyewe ni bure, lakini bando si bure. Isipodhibitiwa, Thunderbird huweza kupakua kila kiambatisho, hata picha kubwa zisizohitajiwa. Yafaa kuweka kikomo cha ukubwa wa barua zitakazopakuliwa, nafasi ambayo programu yenyewe imeitoa. Aidha, katika utaratibu wa IMAP, barua ikifutwa kwenye kompyuta hufutwa na kwenye seva pia. Nakala ya namna hiyo isihesabiwe kuwa akiba.

Kipimo cha tatu, na ndicho kizito kuliko vyote, ni siri. Katika vyuo vingi kompyuta moja hutumiwa na wakufunzi kadhaa. Thunderbird ina nywila kuu, lakini hiyo hulinda nywila zilizohifadhiwa tu. Barua zilizokwisha kupakuliwa husomeka na yeyote aliyeingia katika akaunti ile ile ya kompyuta. Humo mna alama za wanachuo na maneno makali kuhusu udhaifu wao. Mwanachuo alitukabidhi udhaifu wake ili tumsaidie, si ili usomwe na kila apitaye. Kwa hiyo, hapana budi kila mkufunzi awe na akaunti yake ya kompyuta yenye nywila yake.

Kipimo cha nne ni lugha. Programu tuliyoiweka sisi yazungumza Kiingereza. Hata hivyo, msimbo wake uko wazi, na mfano wa kufuata tunao nchini: mwaka 2004 mradi wa Kilinux, wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ulitoa Jambo OpenOffice kwa Kiswahili. Kuyatafutia majina ya Kiswahili maagizo ya programu ni zoezi zuri la darasa la msamiati.

Kwa muhtasari, Thunderbird yamfaa mkufunzi mwenye kompyuta yake anayezunguka mashuleni. Penye kompyuta ya pamoja isiyo na akaunti tofauti, haifai. Heri kivinjari, na kila mtu ajiondoe amalizapo kazi. Twawaomba wakufunzi wenzetu waipime kwa vipimo hivi katika mazingira yao, nao watuandikie waliyoyaona.