Kazi Uliyopewa Kabla ya Kuzaliwa

Pale chumba cha habari wananicheka. Mwanamume mzima, anaandika habari za mahakama, halafu usiku anatazama tamthilia za Kikorea! Hizo, wanasema, ni za akina dada: watu wawili wanaangaliana dakika tano, mvua inanyesha, muziki unalia, basi. Wacha wacheke. Leo nataka kuongelea moja ambayo imenikaa kichwani wiki ya tatu sasa, na mapenzi yenyewe ndiyo sehemu niliyoiwaza kidogo kuliko zote.

Inaitwa It's Okay to Not Be Okay. Ilirushwa na kituo cha tvN cha Korea Kusini mwaka 2020, kuanzia Juni hadi Agosti, sehemu 16, na sisi wa mbali tukaipata kupitia Netflix. Kama hujaitazama na hupendi kuharibiwa utamu, ishia hapa. Nitasimulia hadi mwisho.

Stelingi ni Moon Gang-tae, ameigizwa na Kim Soo-hyun. Ni mhudumu katika hospitali za magonjwa ya akili. Ana kaka mkubwa, Sang-tae, mwenye usonji. Mama yao aliuawa, na Sang-tae alishuhudia. Tangu siku hiyo anaogopa vipepeo, anaota wanamfuata. Kila msimu wa vipepeo unapofika ndugu hawa wanafungasha na kuhama mji. Gang-tae anaacha kazi, anatafuta nyingine, anaanza upya. Hana mpango wa maisha. Mpango wake ni kaka.

Sasa sikiliza jeraha lilipo. Gang-tae akiwa mtoto, mama alimpeleka kujifunza taekwondo. Mtoto akafurahi. Kumbe sababu ni ili aweze kumlinda kaka yake. Siku moja Sang-tae akapigwa na watoto wa mtaani, na hasira zote za mama zikamshukia mdogo. Akamwambia waziwazi kwamba alimzaa ili amtunze kaka yake. Hebu fikiri unaambiwa hivyo ukiwa na umri wa kuchezea gololi. Unaambiwa kuwa wewe ni kifaa, umeagizwa kwa kazi maalumu.

Halafu kuna siku ya mto. Barafu ikapasuka, Sang-tae akazama. Gang-tae akageuka akimbie. Akaenda hatua kadhaa, akarudi, akamwokoa. Zile hatua kadhaa alizibeba hadi utu uzima. Tabasamu lake lote, upole wake wote kwa wagonjwa, umejengwa juu yake.

Huwezi kuielewa hadithi hii bila kuikumbuka Korea yenyewe. Kwa karne nyingi mafundisho ya Confucius yaliiweka familia mbele ya mtu mmoja mmoja, na mzigo wa wazazi na wadogo ukawa wa mtoto wa kwanza wa kiume. Hata sheria ilikuwa ikimtambua mtu kupitia mkuu wa kaya, kwa kawaida mwanamume. Mwaka 2005 Mahakama ya Katiba ilisema utaratibu huo haupatani na katiba, na tarehe 1 Januari 2008 ukafutwa rasmi. Lakini hakuna sheria inayofuta alichoambiwa mtoto na mama yake. Na tamthilia hii imeupindua utaratibu wenyewe: mdogo ndiye anayembeba mkubwa, huku akiendelea kumwita kaka kwa heshima zote.

Kisha anaingia Ko Moon-young, ameigizwa na Seo Ye-ji, mwandishi wa vitabu vya watoto, mrembo, mkali kama wembe, hajui kuomba radhi. Naye ana lake. Mama yake alitaka kumfinyanga awe nakala yake. Mwishoni tunagundua kwamba mama huyohuyo ndiye aliyemuua mama wa akina Gang-tae. Yaani unampenda mtoto wa muuaji wa mama yako. Utafanyaje?

Katika kimoja cha vitabu vyake kuna mbwa aliyefungwa kamba chini ya mti. Mchana anacheza na watoto, usiku analia. Kwa nini haikati kamba akimbilie mbugani? Kwa sababu amefungwa muda mrefu mno, amesahau namna ya kuikata.

Wengi watakuambia kwamba mapenzi ndiyo yaliyomponya Gang-tae. Mimi sikubali. Moon-young alimfundisha kukasirika, na hilo si dogo. Lakini kamba ilikatwa na kaka. Sang-tae, ambaye wote tulimwona kama mzigo, alikuwa hajasahau siku ya mto. Akayamwaga yote, akagombana na mdogo wake, wakapigana kama ndugu wa kawaida. Baadaye akakubali kwamba Gang-tae ni mali ya Gang-tae mwenyewe. Akachora hata vipepeo ukutani hospitalini. Mwishoni, wakiwa safarini watatu kwa gari la kulala, ndiye anayewaaga: amepata kazi ya kuchora vitabu, kuna mtu anamhitaji. Oh Jung-se aliyemwigiza alipata tuzo ya Baeksang mwaka 2021, na alistahili. Kubebwa nako kunaumiza. Kunakufanya usiulizwe kitu.

Nalijua hilo kwa sababu mimi ni wa kubebwa. Kwetu Gang-tae ni dada yangu. Mama alipofariki dada alikuwa kidato cha pili. Pale msibani shangazi mmoja alimshika bega, akasema, "Sasa wewe ndiye mama." Watu wakaitikia, wengine wakalia, wakaona ni maneno mazuri. Hakuna aliyemwuliza. Akaacha shule. Saa tisa usiku akawa anakanda unga wa maandazi ya kuuza stendi, na kwa maandazi hayo mimi nikafika Mlimani na mdogo wetu sasa yuko kidato cha nne.

Nilipomaliza sehemu ya 16 nilimpigia simu.

"Dada, hivi wewe ulitaka kuwa nani?"

Kimya. Kisha, "Umeishiwa hela?"

"Sijaishiwa. Nauliza tu."

Akacheka. "Mwalimu wa hesabu. Haya, mafuta yanaungua."

Nikampigia tena jioni. Nikamwambia ada ya mdogo wetu kuanzia sasa ni juu yangu, na yeye anaweza kufanya mtihani wa QT, kisha asajiliwe kidato cha nne kama mtahiniwa wa kujitegemea. Akakataa kata kata. Ada ni kazi yake, akasema, alimwahidi mama. Na maandazi nani atapika? Nikamkumbuka yule mbwa wa chini ya mti.

Simlaumu shangazi. Bila neno lake pengine tungetawanywa kwa ndugu, kila mmoja na kwake. Familia zetu zinasimama kwa sababu kuna mtu amekubali kuwa nguzo. Ninachosema ni kwamba nguzo nayo ilikuwa mti, na mti ulikuwa na mpango wake wa kumea. Wajibu uliouchagua unauma mabega tu. Ule uliowekewa kama sababu ya kuwepo kwako unauma mahali ambapo hata wewe hupaoni.

Juzi usiku wa manane ukaingia ujumbe wa dada, hauna salamu: "Hiyo QT wanaandikisha lini?"

Kwenu nako yupo. Ni yule anayetuma hela kabla hajala, anayeitwa kila kukiwa na mgonjwa, ambaye kila mtu anamsifia kwenye harusi na hakuna anayemjua. Mpigie. Mwulize alitaka kuwa nani. Atadhani umeishiwa hela. Mwambie hapana, unauliza tu.