Tupime Kabla ya Kulaumu

Kitu kinapopungua nyumbani, wa kwanza kushukiwa huwa yule asiye na mtetezi. Kiangazi kilichopita, hapa Lubumbashi, maji ya bwawa la kuogelea la mjomba wangu yalishuka kila siku, na maneno yakamwangukia mlinzi: eti anauza maji usiku. Kazi yake ilikuwa hatarini. Niliomba tupime kwanza.

Jua na upepo mkavu hukausha maji, nasi tulitaka kujua ni kiasi gani. Nilijaza ndoo maji ya bwawa, nikaiweka kwenye ngazi ya ndani, maji ya ndoo yakilingana na yale ya nje, nikatia alama pande zote mbili. Baada ya saa 24 ndoo ilipungua kidogo tu. Bwawa lilishuka upana wa vidole viwili. Basi halikuwa jua.

Tukazima pampu, tusijaze tena. Maji yalishuka hadi usawa wa taa ya ukutani, yakakoma hapo. Mwizi angeendelea kuchota. Tulikata umeme, nikadondosha rangi ya chakula karibu na taa. Ikavutwa polepole ndani ya ufa.

Mjomba alimwomba mlinzi radhi mbele ya wote waliosikia shutuma zile.

Vijana wenzangu, ndoo moja na siku moja ya subira ni gharama ndogo kuliko jina la mtu. Ni nani kati yetu leo anayebeba lawama isiyopimwa?