Mombasa Bila Mpango

Ijumaa jioni, beshte yangu aliuliza tu, "Si twende Mombasa?" Tulicheka, kisha tukachanga pesa ya mafuta. Kufikia giza, Probox yake ilikuwa imeshapita Emali.

Mtito Andei, karibu nusu ya njia, tulishuka kunywa chai. Mama akapiga. "Nimekutumia elfu mbili ya matumizi. Soma, mwanangu." Nikajibu, "Asante, Mama," malori yakinguruma nyuma yangu. Chuo niliacha miezi minane iliyopita. Chai ile niliilipa kwa pesa yake.

Usiku tulilala garini. Asubuhi tukala mahamri na mbaazi, halafu tukashuka Likoni. Feri haimtozi nauli anayevuka kwa miguu, kwa hivyo nilivuka, nikarudi, nikavuka tena. Safari ya tatu, katikati ya maji, nikampigia.

"Mama, usitume tena. Niliacha chuo."

Kimya. Nilisikia redio yake, na kuku.

"Tangu lini?"

"Januari."

Kimya tena, hadi feri ikagusa ng'ambo na watu wakaanza kunisukuma.

"Tutaongea," akasema. Kisha, "Umekula?"