Jikoni bila jivu

Karuba iko juu, njia ya kutoka Sake kupanda Mushaki na kuelekea Ngungu, malisho ya ng'ombe kila upande na baridi ambayo watu wa Goma huiogopa. Jikoni kwa mama palikuwa na mafiga matatu na moto usiozimwa. Usiku ulifukiwa kwa majivu, asubuhi ukafukuliwa na kupulizwa. Maharagi yaliinjikwa mapema yakakaa hadi mchana, kwani kwenye mwinuko wa mita 2,000 maji huchemka kwenye digrii 93 hivi, hayafiki 100. Muda wote huo lazima mtu awe karibu na moto, kusukuma kuni za mikaratusi au kuvuta ukuni mmoja nyuma. Mimi nilipewa kuchunga maziwa. Yakianza kupanda nilivuta ukuni, lakini kaa lililobaki halikunisikia, nayo yakamwagika.

Nilipohamia Goma, moto ulianza kununuliwa. Magunia ya makala yalishuka kwa chukudu, zile baiskeli za mbao za kusukuma, mengine yakitoka kwenye msitu wa Virunga, na kila mtu alijua. Tulipikia mbabula, jiko la kawaida la makala, kisha Jiko Nguvu Nyeusi la mradi wa WWF, ambalo lilikula makala kidogo. Moto bado ulikuwa wa kupepea, na jivu bado lilikuwa na kazi: kusugulia masufuria.

Umeme wa kituo cha Matebe, megawati 13.8 kutoka mto Rutshuru, ulizinduliwa Desemba 2015. Ulipofika mtaani kwetu tuliutumia kwa taa na simu. Jiko la induksheni nililinunua miaka kadhaa baadaye, na siku hiyo hiyo likayakataa masufuria yangu yote ya alumini. Jiko hili haliwaki. Chini ya kioo kuna waya uliozungushwa, unaotoa nguvu ya sumaku, na sufuria yenyewe ndiyo inayopata joto, mradi iwe ya chuma kinachovutwa na sumaku. Sokoni nikawa natembea na kisumaku kidogo: kikinata kwenye kitako, nanunua. Sufuria za zamani za enameli, zile zenye maua, zilipita mtihani, ila zilizobonyea chini zilibaki nje.

Mapema 2023, vita vilipofika upande wa Mushaki na Karuba, mama aliteremka kwangu. Alikitazama kile kioo cheusi muda mrefu.

«Mutoto, moto iko wapi?»

Sikueleza sumaku. Niliweka maziwa. Yalipopanda hadi ukingoni niligusa kitufe, yakashuka papo hapo. Mama aliniambia nirudie.

Hapo ndipo nilipoona kilichobadilika. Karuba tulitunza moto, jiko lilijitunza lenyewe. Mawe hayahitaji kitu. Sasa moto hauna haja nasi, na jiko ndilo linalodekezwa. Jivu na mchanga vikisuguliwa pale hukikwaruza kioo, kwa hiyo ni kitambaa chenye maji na sabuni kidogo, kioo kikishapoa. Sukari iliyomwagika ifutwe haraka, isigande. Matundu ya hewa chini yasizibwe kwa kitambaa cha meza, kwa sababu feni humo ndani inapoza mashine. Bugali usiisonge juu ya kioo: mama huteremsha sufuria chini, anaibana kwa miguu na kusonga kwa nguvu zake zote, na jiko, likikosa chuma juu yake, linaacha kupasha lenyewe. Hilo alilipenda kuliko yote.

Januari 2025 vita vilipoingia Goma, umeme ulikatika. Mbabula ikatoka uvunguni, na haijarudi huko. Sasa, umeme ukiwapo, maziwa, chai na mboga za lenga-lenga ni vya kioo. Maharagi ni ya makala, kwani umeme ukikatika katikati yanabaki magumu. Sombe, yaani majani ya muhogo, pia. Mama hakubali kwamba sombe isiyonusa moshi imeiva.